Alama 28 kati ya 30

Kwa karibu miaka minne, kazi iliyonipatia riziki ilikuwa kuwauliza wazee maswali ambayo majibu yake niliyajua. Nilikuwa mdodosaji katika utafiti mmoja wa kumbukumbu za wazee wilayani Hai, nikitoka Moshi alfajiri kwa daladala ya Bomang'ombe na kupanda bodaboda hadi vijiji vya juu, nikiwa na mkoba wenye fomu, penseli, saa ya kuhesabia sekunde na kiberiti. Nilikuwa nikifika nyumbani kwa mtu, naamkia, naeleza nia ya utafiti, naomba ridhaa yake, kisha naketi kwenye kigoda pembeni ya migomba na kuanza: leo ni siku gani, huu ni mwezi gani, hapa tulipo panaitwaje. Bibi mmoja wa Machame, aliyekuwa akimenya ndizi za mtori bila kunitazama, alinijibu, "Mwanangu, umetoka Moshi yote hiyo hujui leo ni siku gani?" Nilicheka, nikarudia swali kama nilivyofundishwa. Akasema, "Leo ni siku ya soko." Fomu yangu haikuwa na kisanduku cha siku ya soko, nami nikaandika sifuri.

Sifuri ile ilinisumbua kwa muda mrefu kuliko majibu mengine yote niliyoyaandika mwaka ule. Swali la siku halikuwekwa kwenye vipimo vya akili ili kujua kama mtu ana kalenda ukutani, bali limewekwa ili kuona kama ubongo bado unahesabu siku zinavyopita, unaiweka jana mahali pake na kuitambua leo. Mtu aliyeamka akijua kwamba leo ni soko, akapanga kwamba mkungu mmoja utauzwa na mwingine utabaki kwa ajili ya wajukuu, amekwisha kuifanya hesabu hiyo kabla mimi sijashuka kwenye pikipiki. Fomu ilitaka neno "Jumatano". Bibi alikuwa na Jumatano yote mkononi, ila jina alilolipa lilikuwa jingine.

Ili nisionekane ninawalaumu waliotunga maswali hayo, ni haki nieleze yalikotoka. Kipimo kilichotumika zaidi duniani kwa kazi hii kilichapishwa Marekani mwaka 1975 na daktari aitwaye Marshal Folstein na wenzake, nao walikitengeneza kwa ajili ya wagonjwa waliolazwa, ili daktari aweze kwa dakika chache tu kukadiria hali ya akili pale kitandani. Kina alama 30. Mgonjwa anaulizwa tarehe na mahali, anatajiwa maneno matatu ayashike na kuyarudia baadaye, anatoa saba kutoka mia moja na kuendelea kutoa, anataja jina la penseli na la saa ya mkononi, anasoma amri fupi na kuitii, anaandika sentensi moja, na mwisho ananakili maumbo mawili ya pembe tano yaliyopandana. Kwa aliyesoma ni maswali mepesi. Kwa aliyeondolewa darasa la pili akalee wadogo zake, penseli yenyewe ni swali la kwanza.

Kutafsiri hakutoshi. Mgonjwa wa Kiingereza aliyeshindwa kutoa saba kutoka mia huombwa aitaje herufi moja moja, kuanzia mwisho, neno lenye maana ya dunia. Kwa bahati njema neno letu "dunia" nalo lina herufi tano, kwa hiyo alama hazikubadilika. Lakini bibi asiyejua herufi hapati chochote kwa bahati hiyo. Yule wa Machame nilipomwambia atoe saba kwenye mia aliacha kisu juu ya ndizi na kuniuliza, "Saba za nini?" Sikuwa na ruhusa ya kumjibu. Nilipofunga fomu, nje ya kazi, nilimwuliza kuhusu mikungu yake ya wiki ile, naye alinipangia mingapi imekwenda sokoni, kila mmoja umeuzwa kiasi gani, nauli imekula ngapi, na jirani bado anadaiwa shilingi ngapi, bila kukosea hata mara moja.

Swali lake lile, saba za nini, limewahi kuulizwa kwa namna nyingine mbali sana na Kilimanjaro. Mwaka 1931 na 1932 mwanasaikolojia wa Urusi, Alexander Luria, alikwenda Uzbekistani kuzungumza na wakulima ambao wengi wao hawakuwa wamesoma. Aliwaambia kwamba kaskazini ya mbali, kwenye theluji, dubu wote ni weupe, na kwamba Novaya Zemlya iko kaskazini ya mbali. Je, dubu wa huko wana rangi gani? Baadhi walimjibu kwamba hawajafika huko na hawasemi juu ya jambo wasiloliona. Ubongo wao haukuwa na kasoro. Walikataa tu mchezo wa kuhukumu kwa maneno matupu, na mchezo huo hufundishwa shuleni. Luria huyohuyo, wakati wa Vita Kuu ya Pili, alifanya kazi na askari waliojeruhiwa kichwani, na huko alisisitiza jambo ambalo mimi nililisoma mapema na kulielewa kwa kuchelewa: kwamba anayepima asitosheke kuandika kwamba mgonjwa ameshindwa, bali aeleze ameshindwa vipi, kwa sababu kazi moja ya akili hutegemea sehemu nyingi za ubongo, na kila sehemu ikiumia huharibu kazi hiyo kwa namna yake.

Sasa kiberiti. Wapo watafiti waliokwisha kuliona tatizo la penseli kabla yetu, wakiwemo wa Ibadan, Nijeria, waliobuni njia ya kumpangia mzee njiti kwa umbo fulani na kumwomba apange zake vilevile. Mkono ambao haujawahi kuandika jina umewasha moto maelfu ya mara, na njiti haimwogofyi mtu. Njia hiyo imeingia pia katika kipimo kifupi kiitwacho IDEA, ambacho kilitengenezwa kwa takwimu zilizokusanywa hapahapa Hai na kuchapishwa mwaka 2014. Kina alama 15 tu; ndani yake mzee anakumbuka orodha ya maneno, anataja wanyama kwa dakika moja, anaeleza daraja ni nini. Utafiti wa mwaka 2010 uliowafikia wazee 1,198 wa Hai wenye umri wa miaka 70 na kuendelea ulikadiria kwamba takriban asilimia 6.4 walikuwa na dimenshia, yaani maradhi ya kupotewa na kumbukumbu na uwezo wa kufikiri, na katika uchunguzi wa aina hiyo ndugu wa mzee naye huhojiwa, jambo ambalo kwa maoni yangu ni nusu ya kazi.

Nilipenda zaidi swali la wanyama. Mzee mmoja alinipa ng'ombe, mbuzi, kondoo, kuku, paka na mbwa kwa mkupuo mmoja, na ungedhani anatembea ndani ya kihamba chake, shamba la nyumbani la Wachaga, akigusa kila banda. Akanyamaza kidogo, macho yakapanda juu, kisha akaingia porini na tembo, nyati, chui, nyani. Ile nukta ya kunyamaza ndiyo ninayoipenda. Ni ubongo unafunga ghala moja na kufungua jingine, na kazi hiyo hutegemea sana sehemu ya mbele, nyuma ya paji la uso. Mwenye hitilafu pale hubaki bandani: ng'ombe, mbuzi, kuku, ng'ombe, kuku. Wote wawili wanaweza kuishia na idadi ya chini, na kwenye karatasi wakafanana.

Mwingine alikuwa mcheshi kuliko wote niliowahi kuwahoji. Alinisimulia habari za ujana wake akiuza kahawa, akanitania kuhusu viatu vyangu, na maneno kumi niliyomsomea aliyarudia vizuri pale pale. Baada ya muda nilipomwomba anitajie aliyoyakumbuka, aliniuliza, "Maneno gani?" Sikukosea kumsikia: hakuwa amesahau maneno tu, alisahau kwamba yaliwahi kutajwa. Fomu ilipokwisha nilimdokeza kwamba moja lilikuwa kitu cha jikoni, na bado hakupata. Mzee aliyechoka tu, ukimpa mwanzo, huokota. Huyu hapakuwa na kitu cha kuokota. Ndivyo inavyokuwa ghala la ndani ya ubongo, hipokampasi, linapoharibika. Elimu hiyo tuliipata kwa gharama ya mtu mmoja wa Marekani, Henry Molaison, aliyepasuliwa mwaka 1953 ili kutibiwa kifafa, akaondolewa sehemu kubwa ya hipokampasi pande zote mbili, na tangu siku hiyo hakuweza kuhifadhi kumbukumbu mpya ya mambo yanayompata. Mwanasaikolojia Brenda Milner alimpima kwa miaka mingi, na kila mara alilazimika kujitambulisha upya. Mzee wangu aliponisindikiza hadi barabarani aliniuliza mimi ni mtoto wa nani na nimekuja lini.

Nilidhani, baada ya hayo yote, kwamba nimekwisha kujifunza. Kisha baba akapata kiharusi.

Ilikuwa asubuhi, nyumbani kwetu Rau. Kikombe kilimdondoka mkono wa kushoto, na alipotaka kukiokota mguu wa upande huohuo ukakataa. Tulimfikisha hospitali moja mjini, akapigwa picha ya kichwa, tukaelezwa kwamba mshipa umeziba upande wa kulia wa ubongo. Siku ya tano daktari kijana, mpole na mwenye haraka, alimpima akili kwa kile kipimo cha alama 30. Baba, mwalimu mstaafu wa hesabu, alijibu kama mkaguzi ameingia darasani. Mia toa saba aliishusha hadi mwisho bila kuulizwa. Sentensi yake ilikuwa na mkato na nukta, naye alimsahihisha daktari upatanisho wa kisarufi. Alipoteza alama moja kwenye neno la tatu, na nyingine kwenye maumbo ya pembe tano, ambayo aliyanakili nusu. Alama 28. Kwenye faili liliandikwa kwamba akili ni timamu, tukaruhusiwa, na mimi, mwenye miaka minne ya kupima watu, nilitoka pale kifua mbele.

Aliyegundua ni mama, na hakuwa na fomu. Wiki ya pili nyumbani aliniita pembeni akasema, "Baba yako anabagua chakula." Sahani ilirudi kutoka kwake ikiwa na nusu ya ndizi na nyama, na si kwamba zilichanganyika, bali zimekatika katikati kana kwamba mtu amepitisha rula, upande wa kulia mweupe, wa kushoto haujaguswa. Baba alikuwa akilalamika kwamba wanampunja. Mama alichofanya ni kuizungusha sahani, naye akala iliyobaki huku akishukuru kwa nyongeza. Siku iliyofuata, mama alimpa sinia la maharage amsaidie kuchagua, maana mkono wa kulia ulikuwa mzima. Aliokota mawe na maharage mabovu yote ya upande wa kulia kwa uangalifu wa ajabu, akasukuma sinia mbele, akasema amemaliza. Upande wa kushoto jiwe kubwa kama punje ya hindi lilikuwa wazi kabisa juu ya maharage.

Nililitazama lile jiwe nikaona aibu. Kisha nikachukua daftari. Nilichora mstari wa sentimeta 20 nikamwomba aweke alama katikati. Aliiweka kwenye sentimeta ya 14 kutoka kushoto, mtu aliyefundisha kugawa mistari kwa miaka zaidi ya thelathini. Nikamwomba achore uso wa saa wenye namba zote, na mishale ionyeshe saa tano na dakika kumi.

Naomba nisimame kidogo kwenye saa hii, maana kwetu ina mtego wake. Waliochagua muda huo walifanya kusudi: mshale mfupi uko kushoto, kwenye 11, na mrefu uko kulia, kwenye 2, hivyo mgonjwa hawezi kufaulu kwa kutumia upande mmoja. Isitoshe, aliyesikia "kumi" anavutwa kupeleka mshale kwenye 10, na ni lazima sehemu ya mbele ya ubongo imzuie. Msemaji wa Kiswahili anaongezewa mzigo wa tatu, kwa kuwa anasikia "tano" na anapaswa kuuelekeza mshale kwenye 11. Tangu utotoni tunafanya ubadilishaji huo bila kuuhisi, lakini huko Hai niliwahi kuwaona wazee walioweka mshale kwenye 5, nami nilijifunza kuwavulia saa yangu ya mkononi na kuwauliza inasema saa ngapi kabla sijawadhania ugonjwa.

Baba hakunaswa na mtego huo. Alichora duara zuri, akaweka 12 juu, akashuka na 1, 2, 3, hadi 6 chini, halafu, badala ya kupanda upande wa pili, akazibana 7, 8, 9, 10 na 11 kwenye nafasi ileile ya kulia, zikisongamana kama abiria wa jioni. Nusu ya kushoto ya duara ilikuwa nyeupe. "Umemaliza, Baba?" Akaikagua. "Nimemaliza. Saa imekamilika." Hakuwa mbishi wala hakuwa kipofu, kwani nilipomwambia ageuke na kutazama mkono wangu upande wa kushoto aliuona na kuhesabu vidole. Aliyepofuka nusu ya macho mara nyingi anajua amepofuka na huzungusha kichwa kutafuta. Huyu hakutafuta, kwa sababu kwake hapakuwa na kilichopungua.

Sababu ya kipimo cha hospitali kumpita ni rahisi kuieleza, ingawa mimi niliikumbuka nikiwa nimechelewa. Karibu alama zote za kile kipimo hupitia kwenye maneno, na kwa takriban asilimia 95 ya watu wanaotumia mkono wa kulia maneno hukaa nusu ya kushoto ya ubongo, jambo lililoanza kufahamika tangu daktari Paul Broca alipomchunguza Paris mwaka 1861 mgonjwa aliyeweza kutamka silabi moja tu. Nusu ya kulia, inayoshughulika zaidi na nafasi na umakini kwa pande zote, imetengewa mchoro wa pembe tano, alama moja kati ya 30. Bibi wa Machame alipimwa kwa mambo ambayo hakufundishwa. Baba alipimwa kwa mambo aliyoyafundisha wengine. Wote wawili tulipima shule yao.

Nilifanya jaribio moja zaidi, ambalo nililiiga kutoka Milano. Mwaka 1978 Edoardo Bisiach na Claudio Luzzatti waliwaomba wagonjwa wa namna hii wafikirie wamesimama kwenye uwanja wa kanisa kuu la mji huo na kutaja majengo. Waliyoyataja yalikuwa karibu yote ya kulia, na walipoambiwa wajione upande wa pili wa uwanja, wakataja yaleyale waliyoyaacha. Nilimwomba baba afumbe macho atoke getini kwenda kanisani. Alitaja mashine ya kusaga na mwembe. Nikamwomba arudi. Alitaja duka na fundi cherehani. Kwa hiyo njia nzima ilikuwamo kichwani, ila kila mara aliisoma ukurasa mmoja. Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba kila asubuhi tangu arudi, akikaa barazani kuutazama mlima, alikuwa akisema, "Leo ni Mawenzi tu, Kibo hakijafunguka." Kutoka kwetu Kibo kiko kushoto. Sisi tulimwitikia kwamba ni mawingu, hata siku ambazo mbingu ilikuwa safi na theluji inang'aa.

Mtaalamu wa tiba ya vitendo tuliyempata baadaye alitufundisha kumwekea alama ya kuanzia upande wa kushoto. Mama alifunga khanga nyekundu kwenye mkono wa kushoto wa kiti, na kila alipomletea chakula, gazeti au sinia alimwambia, "Anza kwenye khanga." Zilikuwa wiki za kuchosha. Mara nyingine alianza kwenye khanga na kupotea katikati. Mara nyingine alikasirika na kuuliza khanga inahusianaje na uji.

Mwezi wa nne nilimletea tena daftari na penseli, saa tano na dakika kumi. Alichora, akanirudishia, akauliza, "Nimepata ngapi?" Nikamwambia sikuhesabu. Alinitazama kwa jicho la darasani, akasema hakuna mtihani usiosahihishwa, niandike. Nikaandika tarehe, na chini yake: ameanza na 12, amegeuza kichwa hadi kwenye khanga, ameweka 9 kabla ya 3, 7 na 8 ziko karibu mno, mshale mfupi umechukua karibu nusu dakika, umefika 11.